Mtu Mmoja wa Kumkemea Eliya

Kandida alipanda Ngaramtoni kumwombea mwanawe mke, akateremka na mtihani.

Si kwamba walipokewa vibaya. Walipewa chai ya maziwa, nzito, kisha wakapewa loshoro, yale mahindi ya kukoboa yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ambayo Kandida, Mchaga wa Kibosho aliyekulia mtori wa ndizi, aliyameza kwa adabu bila kuyatafuna sana. Mahari ilizungumzwa ikaeleweka kabla kikombe cha pili hakijapoa. Hata suala la kanisa, kwamba wao ni Wakatoliki na wenyeji wao Walutheri, lilikwisha kwa dakika kumi. Shemeji yake Eliasi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa msemaji wao, na alikwisha kufungua vifungo vya koti kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. Hapo ndipo mwenye nyumba, Mzee Lemburis, aliposema limebaki jambo moja dogo.

"Huyo kijana wenu," alisema, "anakemewa na nani?"

Eliasi alidhani hakusikia vizuri. Kandida akajibu harakaharaka kwamba kijana ana mama, ana baba mdogo, na padri anaye. Lemburis akatikisa kichwa. Hao ni wakubwa zake, alisema, na mkubwa huogopwa akiwepo. Akigeuza mgongo, kijana anafanya lake. Yeye anauliza habari za rika. Kwao Waarusha mwanamume ana watu wa rika lake, na hao si watu wa kunywa nao soda tu. Akaeleza, mkewe Nosim akiwa ameketi palepale, kwamba mwaka wa pili wa ndoa yao alimpiga mkewe fimbo kwa neno la kipuuzi. Kesho yake asubuhi wenzake wanne wa rika lake, liitwalo Makaa, walikuja, wakakaa hapo alipokaa Eliasi, wakamtoza mtamba. Wakamwambia akirudia hawatakuja kwa maneno. Tangu siku hiyo hajanyanyua mkono.

"Mtamba mwenyewe alikuwa mzuri," Nosim akaongeza kwa utulivu. "Nilimpata mimi."

Lemburis akasema hadai watu wanne. Anajua Wachaga wana taratibu zao na vijana wa mjini wana zao. Anataka mmoja tu, wa umri wa Eliya, asiye ndugu yake, anayeweza kumwambia umekosea. Aje Jumamosi ya wiki inayofuata pamoja na bwana harusi, amsikie kwa masikio yake. Akija mtu huyo, wamchukue binti yake Naisula na baraka zote. Asipokuja, basi, watakuwa wamefahamiana tu.

Eliasi alicheka akasema hilo halina tatizo, kijana mzima atakosaje rafiki mmoja? Kandida hakucheka. Alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu kichwani, na hesabu ilianzia sifuri ikagomea hapohapo.

*

Kwa maana Eliya hakuwa na mtu. Hivyo ndivyo mama yake alivyoamini, na mtaa mzima wa Themi ulimsaidia kuamini.

Kijana alikuwa na miaka thelathini na moja na kazi yake ilikuwa kutengeneza michezo ya simu. Mwanzoni Kandida alikuwa akiwaambia watu hivyo wakacheka, wakidhani anacheza, basi akajifunza kusema tu kwamba mwanawe yuko kwenye kompyuta. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ng'ambo, na hakuna mtu wa kampuni hiyo aliyewahi kukanyaga Arusha. Mshahara ulikuja, hapo hakuna la kulalamika; bati jipya la nyumba lilitoka humo. Lakini mtu mwenyewe! Alifanya kazi chumba cha nyuma, pazia limeshushwa mchana kweupe. Jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwao, naye akatoka wakati wa baraka ya mwisho, akapeana mikono, akarudi. Misibani alituma mchango kwa simu. Kamati za harusi alizikimbia kama ukoma. Wanawake wa jumuiya walimuuliza Kandida kwa sauti ya huruma yenye pilipili ndani yake, eti Mama Eliya, kijana yupo au alisafiri? Naye alijibu yupo, kazi zimembana, huku anatamani ardhi ipasuke.

Kilichomchanganya zaidi ni kicheko. Alikuwa akipita ukumbini na sahani ya chakula anamsikia Eliya anacheka humo ndani, anabishana, anasema hapana bwana, hapo umechemsha, rudia upya. Akifungua mlango anamkuta peke yake, masikio yamefunikwa. Unaongea na nani? Na watu, mama. Kandida alisimama na ile sahani asijue kama amshukuru Mungu au atafute daktari. Mtu mpweke hacheki vile. Lakini mtu mwenye watu, watu wake wako wapi?

Na tangu baba yake, Elieza, alipofariki miaka miwili iliyopita, mambo yalizidi. Zamani angalau walikula pamoja. Sasa Eliya alichukua sahani yake akaenda nayo chumbani, na akikutana na mama yake jikoni anaangalia chini. Kandida alimwambia Eliasi waziwazi kwamba mashine imemla mtoto wake, imebakiza mifupa. Hata hivyo, ajabu nyingine hii, ni mashine hiyohiyo iliyomleta mchumba. Eliya alikuwa anatengeneza mchezo wa kuswaga ng'ombe kupanda Mlima Meru kutafuta maji, akahitaji mtu wa kuwasemesha ng'ombe kwa Kimaa, na Naisula, mwalimu wa shule ya msingi kule Nduruma, akajitokeza. Alirekodi sauti siku mbili. Siku ya tatu alikuja tena bila kuitwa. Kandida alimpenda binti yule tangu alipoingia jikoni, akainua kifuniko cha sufuria, akasema mama, hii inaungua.

Sasa unamweleza nini mzee wa Ngaramtoni?

*

Alimngoja Eliya atoke kuchukua chakula, akasimama mlangoni kumzibia njia, akampa habari yote. Eliya alisikiliza sahani ikiwa mkononi.

"Nina rafiki," alisema mwishowe. "Anaitwa Mugisho. Yuko Bukavu."

"Bukavu ya Kongo?"

"Ndiyo, mama."

Kandida akauliza wamejuana wapi. Kazini, akajibiwa, mwaka wa sita huu wanatengeneza michezo pamoja, kila siku ya Mungu. Akauliza basi wameonana lini. Eliya akasema uso kwa uso bado. Miaka sita bado! Kandida alicheka cheko la mtu anayetaka kulia. Akamwambia mzee yule anataka mtu mwenye miguu, akae kwenye kiti, anywe chai, si mlio wa simu.

"Nimeshaongea na Arnold," akasema.

Arnold alikuwa mshereheshaji wa harusi, emsii anayetafutwa kuanzia Usa River mpaka Monduli. Alisoma na Eliya darasa moja hadi la saba, kwa hiyo uongo wenyewe, Kandida alijiambia, ulikuwa na mizizi kidogo. Alikuwa na mke, watoto wawili, suti saba, na hakuweza kutembea hatua kumi sokoni bila mtu kumwita. Kama urafiki ungekuwa ugonjwa, Arnold angekuwa amelazwa. Eliya akasema hajazungumza na Arnold tangu msiba wa baba, na hata siku hiyo walisalimiana tu. Kandida akasema vizuri sana, basi hakuna ugomvi kati yao.

"Mama, huyu mzee anauliza jambo la kweli."

"Na mimi nakutafutia mke wa kweli. Wewe unataka nini?"

Eliya aliangalia sahani yake. Kisha akasema lile neno lake lililomchosha mama yake kuliko matusi: "Fanya unavyoona, mama." Akapita kando yake, mlango ukafungwa. Kandida akabaki ukumbini, na baada ya muda mfupi akasikia sauti ya mwanawe humo ndani, chini chini, ikimsimulia mtu fulani jambo refu. Safari hii hapakuwa na kicheko.

Arnold alikuja mara mbili kufundishwa. Kandida alimpikia machalari ya ndizi na nyama, akamsomesha kama mtoto wa kipaimara: Eliya hapendi vitunguu vibichi, Eliya aliwahi kuvunjika mkono akiwa darasa la tano, Eliya hushabikia timu gani. Arnold alishika kila kitu kwa mara moja. Alikuwa mwepesi, ana sauti nzuri, na alipoondoka alimwita mama yangu mzazi. Kandida alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

*

Jumamosi walikwenda kwa gari dogo la Eliasi. Gari la marehemu Elieza, ile pikapu ya kijani, Kandida alikwisha kuliuza. Aliliuza kwa hasira hata arobaini haijaisha, kwa mtu wa Nduruma, kwa sababu siku mumewe anakata roho ndilo lililomzimikia Eliya njiani kwenda hospitali likamchelewesha asimwone baba yake. Mumewe alikuwa amemuulizia mtoto toka saa saba mchana. Saa tisa alikwenda. Eliya alifika saa kumi na moja. Kwa hiyo Kandida hakutaka hata kulisikia likiunguruma.

Sebuleni kwa Lemburis mambo yalianza vizuri. Eliya aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama inavyotakiwa kwao. Naisula alikwisha kumfundisha. Arnold alinyoosha mkono, akauacha unaning'inia hewani, akaurudisha kwa kicheko akainama naye. Walikaa. Naisula akaleta chai, akasimama karibu na mlango, birika mkononi. Eliasi akamtambulisha Arnold kwa maneno matamu, naye Arnold akasimama, akafunga kifungo cha suti, akaanza. Alieleza walivyokua pamoja, mkono ulivyovunjika, vitunguu. Nosim alicheka mara mbili. Hata Kandida, aliyeyatunga nusu yake, alijikuta anayaamini.

Lemburis alingoja mpaka akamaliza.

"Asante, mwanangu. Mara ya mwisho ulimkemea lini, na kwa jambo gani?"

Arnold akatabasamu. Akasema Eliya ni mtu mwema, hana makosa ya kukemewa. Lemburis akasema mtu asiye na makosa hajawahi kuonekana hapa Ngaramtoni, labda huko mjini. Arnold akasema, basi, humwambia aache kazi kidogo atoke atembee. Alimwambia lini? Juzijuzi. Wapi? Hapo Arnold akamtazama Kandida, na Kandida akatazama kikombe chake, maana katika yote aliyomfundisha hilo halikuwepo. Lemburis hakukasirika. Alimuuliza Arnold kwa sauti ya mzazi:

"Na wewe, mwanangu, nani anakukemea?"

Hilo lilikuwa swali la bure tu, la kumpumzisha. Lakini Arnold alifungua mdomo akaufunga. Kandida alimwona akitafuta, kweli anatafuta, anapekua lile jeshi lake lote la watu wa kumwita sokoni, na uso wake ukawa unapoteza rangi kidogo kidogo. Akakaa chini.

Eliasi alikohoa. Hapo Eliya, ambaye tangu waingie hakuwa amesema zaidi ya salamu, akasogea mbele kwenye kiti.

"Baba, huyu Arnold ni mtu mzuri, lakini si yeye. Wa kunikemea ninaye. Yuko mbali. Ukiniruhusu nitampigia."

Lemburis alifikiri, akauliza kama huyo mtu atasema Kiswahili. Eliya akasema atasema cha kwao. Simu ikawekwa juu ya meza katikati ya vikombe, sauti imefunguliwa, na wote wakainama kidogo kuelekea ile meza, hata Nosim. Iliita mara nne. Kandida aliomba isipokelewe, kisha akaomba ipokelewe, akachanganyikiwa katikati ya sala yake mwenyewe.

"Jambo, papa," ikasema sauti nzito, tulivu. "Njo mimi Mugisho."

Lemburis alimsalimu kwa heshima kama aliyeingia mlangoni. Akamuuliza habari za kwao, mvua, wazazi. Akamuuliza kama amewahi kukutana na Eliya. Hapana, papa. Amewahi kula naye? Hapana, papa, lakini anajua anakula saa ngapi, maana kila siku anamngoja amalize. Nosim akaguna. Lemburis akasema vema, basi amwambie alimkemea lini na kwa jambo gani.

Kisha ile sauti ikasema, chini zaidi, "Eliya. Niseme?"

Kandida alimwangalia mwanawe. Eliya alikuwa amekunja mikono kati ya magoti, anatazama simu.

"Sema," alisema.

"Papa, iko miaka mbili sasa. Ile siku mchezo yetu ilitoka, na ilikuwa inazima ku simu za watu. Watu wengi, inchi mingi, wote wanalalamika. Tulikuwa tunaitengeneza, mimi na Eliya. Mama yake akapiga simu, nilisikia. Papa yake alikuwa anakufa, mama anamuomba aende. Nikamwambia Eliya, acha hii, nitaitengeneza mimi, enda. Akasema dakika kumi. Nikamwambia mara ya pili. Mara ya tatu nilimutukana, nikamwambia wewe si mutu. Akasema dakika kumi."

Lemburis aliisogelea simu zaidi.

"Alikusikia?" Lemburis akauliza.

"Hapana, papa. Alibaki. Aliogopa kuenda kumuona, mimi nafikiri, na kazi ilimupatia sababu. Tulimaliza saa tisa na nusu. Njo akaenda. Tangu siku ile namwambia aseme kwa mama yake. Sijui kama alisema."

Kandida alisikia maneno yote, moja moja, na akayaelewa, na bado hayakuingia. Kichwani mwake ilikuwepo pikapu ya kijani imesimama kando ya barabara ya Makumira, boneti juu. Aliiona siku zote kwa miaka miwili, aliijua hata mahali ilipoegeshwa, na sasa mtu wa Bukavu anamwambia haikuwepo. Lakini ile oili? Eliya alifika hospitali mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko. Yeye Kandida, mjane wa saa mbili, alimpeleka bombani akamsugua mwenyewe kwa sabuni ya kufulia, huku anailaani pikapu. Kumbe alijipaka. Alisimama mahali fulani, akafungua boneti ya gari lisilo na kasoro, akatia mikono, akajipaka. Halafu akamwacha mama yake amnawishe.

"Mama Eliya," Lemburis alisema. Alikuwa amemgeukia, na macho yake hayakuwa makali. "Kijana akimkosea baba yake, hilo ni lake na Mungu, nami nilikosa nikiwa kijana kuliko yeye. Hilo halinitishi. Ninaloogopa ni jingine. Kama alikuficha wewe uliyemzaa, binti yangu atamficha mangapi? Nijibu wewe. Hili ulilijua?"

Nyumba yote ikamwangalia. Eliasi, mdomo wazi. Arnold. Eliya hakuthubutu kuinua kichwa. Kandida aliona kisogo chake tu, nywele zimenyolewa upya kwa ajili ya siku hii. Naisula pale mlangoni alikuwa anamwangalia yeye, si Eliya, na Kandida hakuweza kusoma kilichokuwemo machoni mwa yule binti.

Alitaka kusema sikujua. Neno lilikuwa mdomoni tayari, la haki, la moto. Alitaka kuinuka amzabe kofi mbele ya wakwe. Alimwona Elieza kwenye kile kitanda akigeuza kichwa kila mlango ulipolia, kila ulipolia, mpaka akachoka kugeuza. Na wakati huohuo, Mungu amsamehe, aliona chumba cha nyuma na pazia lake, miaka ishirini mbele, na mtu mwenye mvi humo ndani anasema fanya unavyoona kwa mama ambaye amekwisha kufa. Vyote viwili aliviona kwa pamoja na hakimu wa kuviamua hakuwepo.

"Nilijua," alisema Kandida. "Nilijua, nikamsamehe."

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imenyooka. Lemburis alimtazama kwa kitambo, kama anayepima mzigo kwa mkono. Kisha akaigeukia simu.

"Wewe mwanangu wa Bukavu. Umekemea usisikilizwe, na leo umesema kweli mbele ya wakwe zake ilhali ungeweza kusema uongo. Nimekukubali wewe. Siku ya harusi uje, ule hapa. Usipokuja sitawapa mtu."

"Nitakuja, papa," ikasema simu, na ilisikika kama mtu anayejifuta pua.

Nosim akapiga kigelegele kimoja kifupi. Eliasi akafungua vifungo vya koti.

*

Wakati wa kurudi Arnold aliomba ashuke barabara kuu, akasema ana shughuli, akaondoka akitembea polepole na suti yake nzuri. Eliasi alisimamisha gari sokoni Ngaramtoni, akasema kurudi mikono mitupu na viazi vya hapa jinsi vilivyo vizuri ni dhambi, akaenda kununua. Wakabaki wawili, mama mbele, mwana nyuma.

Kandida alitazama mafungu ya karoti mbele yake bila kuyaona. Alikuwa anangoja wawe peke yao tangu walipoaga. Alikuwa na la kusema, lilikuwa refu, na lilianza na neno mbwa wewe.

"Mama," Eliya alisema nyuma yake. "Ulijua tangu lini?"

Kandida hakuwa amefikiria kwamba mwanawe naye angeamini.

"Mimi nilidhani hujui," Eliya akaendelea, na sauti yake ilikuwa inakatika vipande. "Miaka miwili nimeshindwa kukaa na wewe mezani. Nikikuona unanipakulia, nakumbuka ulivyoninawisha. Nakimbilia chumbani. Unafikiri ni kazi, kila mtu anafikiri ni kazi, nami nikawaacha muamini hivyo. Sikuwa na kazi saa zote zile, mama. Nilikuwa nakaa tu. Kumbe ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua, na bado unapika."

Akaanza kulia. Mwanamume wa miaka thelathini na moja alilia kwa sauti ya mtoto ndani ya gari dogo, sokoni, mchana, watu wanapita na magunia. Akapitisha mkono katikati ya viti, akautafuta mkono wa mama yake, akaushika.

Kandida aliuacha ushikwe. Hakujua afanye nini kingine nao. Ile laana ndefu ilikuwa bado ipo kooni, nzima, haijapungua hata neno, lakini mlaaniwa mwenyewe alikuwa amekwisha kusamehewa, na aliyemsamehe ni yeye. Angemwambiaje sasa kwamba hajui lolote, kwamba kwake yeye Elieza amekufa leo saa nane mchana, upya? Alijiuliza kama lawama ni ya ile mashine au ya mtoto, na kama ni ya mtoto, kwa nini mkono wake una joto lilelile la siku zote.

"Tangu siku ileile," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Eliya akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa kiti chake, akalia zaidi, na sasa kilio chenyewe kilikuwa na nafuu ndani yake. Kandida akahisi machozi yake mwenyewe yanashuka. Hakuyafuta. Eliasi alirudi na kiroba cha viazi begani, akafungua mlango, akawakuta hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, mikono imeshikana.

"Hee! Mnalia nini nyie? Si tumepewa mke?"

"Ni furaha, shemeji," Kandida akasema. "Endesha twende."

Na Eliasi akaendesha.